Hotuba Juu ya Kuwahesabu Wagonjwa wa Mafua



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo wengi hulidharau, nalo ni kikohozi. Sisi wa Kapsoit twakaa katika nchi ya baridi na ukungu. Mtu akikohoa husema, "Ni hali ya hewa tu," akachukua kikapu chake akaenda kuchuma majani. Mara nyingi husema kweli, lakini si kila mara.

Mnamo Septemba 1918 homa kali ya mafua iliingia Mombasa kwa meli, ikafuata reli kuja bara. Virusi vya mafua ya wanadamu havikutambuliwa hata mwaka 1933 huko London. Waliokufa katika nchi yetu hawakuhesabiwa sawasawa, na mpaka leo wataalamu hukisia tu idadi yao. Wazee wa zamani hao hawakupata onyo lo lote.

Mwaka 1952 Shirika la Afya Duniani lilianzisha utaratibu wa mataifa kupashana habari za mafua. Hapa Kenya, kuanzia 2006, hospitali chache zilichaguliwa ziwe macho ya taifa. Ya Kericho ilikuwa miongoni mwao, pamoja na za Kisii, Isiolo na Malindi. Kazi yenyewe si ya ajabu. Mgonjwa mwenye homa ya digrii 38 au zaidi, naye akohoa au aumwa na koo, huombwa ridhaa yake. Kisha kijiti chenye pamba hupitishwa puani au kooni, na kilichopatikana hupelekwa maabara ili ijulikane ni virusi gani.

Karani wa kituo cha majani hupima kila kikapu na kuandika, hata siku ya mavuno haba. Asipoandika siku hizo, atajuaje kwamba mavuno yamezidi? Na maradhi ni vivyo hivyo. Mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini alithibitishwa Machi 2020 na maabara ya taifa ya mafua, Nairobi, iliyokuwa tayari kwa sababu ya kazi ya miaka mingi.

Wako wanaouliza, "Mimi nitapata faida gani?" Sitawadanganya. Jibu la maabara laweza kuja nawe umekwisha kupona. Faida ni ya jirani, ya mtoto mchanga, na ya mzee ambaye kifua chake hakina nguvu tena.

Lakini hesabu hiyo haina maana ikiwa wagonjwa wanajificha. Mwaka 2020 wengi walificha homa zao kwa kuogopa kutengwa na kunyoshewa kidole. Basi, wazee wangu, hapo ndipo penye kazi yenu. Hakuna daktari awezaye kuiondoa aibu katika kijiji, ninyi mwaweza. Mkisikia watu wa nyumba moja au wa mstari mmoja wameugua juma moja, mwambieni mhudumu wa afya wa kijiji siku ile ile, na mgonjwa asichekwe.

Mwaka 1918 maradhi yalikuja kwa reli; leo yaweza kushuka kwa matatu ya Kisumu asubuhi, na jioni yamo majumbani mwetu. Tusikubali yatukute tena hatuna habari.