Niko wa Ngapi? Foleni ya Nyumba za Bei Nafuu Migori na Homa Bay

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya viongozi wa vikundi vya akina mama, vijana na watu wenye ulemavu, Rongo



Swali ninaloulizwa mara nyingi kuhusu nyumba za bei nafuu za serikali halihusu bei. Watu huniuliza, "Niko wa ngapi?" Wa kwanza kuniuliza alikuwa mama mmoja anayeanika omena karibu na ufuo wa Homa Bay. Alishika simu ya bintiye, kioo kimepasuka pembeni, akanionyesha ujumbe kwamba ameshasajiliwa. Kiganjani mwake alikuwa ameandika kwa kalamu namba ya mtu aliyemwahidi kwamba akimtumia shilingi 3,000 atamsogeza mbele. Nilimwambia asitume hata senti, maana kujisajili ni bure. Akaniuliza: kama si huyu, basi ni nani humsogeza mtu mbele, na anaangalia nini? Sikuwa na jibu fupi. Leo naomba mnivumilie nitoe lile refu.

Tuanze na sheria yenyewe. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ilitiwa saini na Rais William Ruto tarehe 19 Machi 2024, miezi michache baada ya Mahakama Kuu kuamua, Novemba 2023, kwamba tozo ya nyumba iliyoingizwa kupitia Sheria ya Fedha ilikiuka Katiba. Sheria hii mpya inawapanga waombaji kwa kipato. Anayepata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi yuko upande wa nyumba za jamii. Kati ya 20,000 na 149,000 ni nyumba za bei nafuu. Anayezidi hapo ni wa tabaka la kati. Kuna pia kundi la nyumba za mashambani, nje ya miji. Kwa hiyo hakuna foleni moja. Kuna foleni kadhaa, na kipato unachoandika siku ya kujisajili ndicho kinachoamua usimame katika ipi.

Hapo ndipo watu wetu wanapoanza kukwama. Mwalimu ana hati ya mshahara, akiulizwa anapata kiasi gani anaitoa mfukoni. Mama wa omena hana. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali samaki hawasogelei taa, kwa hiyo kipato chake hupanda na kushuka na mwezi. Kisha kuna miezi ya kufungwa kwa uvuvi. Mwezi mzuri anaweza kupata 25,000, mwezi mbaya asifikishe 6,000. Je, yeye ni wa nyumba za jamii au za bei nafuu? Akijisajili katika mwezi mzuri na kuandika alichopata mwezi huo, amejiweka foleni ya nyumba ghali zaidi, ashindane na watu wa mishahara. Mkulima wa miwa Awendo anayelipwa kwa mafungu yuko hivyo hivyo, na mchimba dhahabu wa Macalder pia. Ushauri wangu kwa vikundi ni huu: jumlisheni mapato ya mwaka mzima, mgawanye kwa 12, na mhifadhi ushahidi. Daftari la chama lenye saini ya mweka hazina na taarifa ya M-Pesa ya miezi 12 si hati ya mshahara, lakini ni bora kuliko kusema kwa mdomo.

Kuna dhana moja ambayo lazima niigonge, kwa sababu imewaumiza watu wenye ajira. Mfanyakazi wa mshahara wa 40,000 hukatwa asilimia 1.5, yaani shilingi 600 kila mwezi, na mwajiri wake huongeza 600 nyingine. Wengi wanaamini kila mkato unawasogeza hatua moja. Hausogezi. Ile ni tozo, inaingia katika mfuko wa kujenga, na hata ukatwe miaka 10 haikuandikii jina kwenye mlango wowote. Fedha zinazohesabika kwa jina lako ni zile unazoweka akiba mwenyewe kwenye akaunti yako ya Boma Yangu, jukwaa la mtandaoni la mpango huu.

Akiba hiyo ndiyo amana, na mpango ulianza na amana ya asilimia 10 ya bei. Tutumie bei zilizotangazwa kwa nyumba za jamii: chumba kimoja chenye kila kitu ndani, shilingi 640,000, nyumba ya vyumba viwili vya kulala, shilingi 1,280,000. Asilimia 10 ya ile ndogo ni 64,000. Mama wetu akitenga shilingi 200 kila siku, bila kukosa, bila mtoto kuugua, bila karo, atazifikisha baada ya siku 320. Kwa ile ya vyumba viwili ni siku 640. Ana watoto wanne. Chumba kimoja hakimtoshi. Jirani yake ambaye hajaoa, mwenye ajira na mkopo wa sacco, anaweza kuilipa amana ile kabla ya saa sita mchana.

Nami nasema wazi kwamba hapa ndipo penye kidonda. Amana ikiwa ndiyo kipimo kikuu, foleni inapangwa kwa wepesi wa mfuko, wakati Katiba, Kifungu cha 43, inazungumza juu ya haki ya kila mtu kupata makazi ya kutosha. Sheria yenyewe inataja vijana, wanawake, watu wenye ulemavu na makundi yaliyo hatarini. Lakini kutajwa peke yake hakutoshi. Ukiwa na nyumba 110, kama zilivyo zile za mjini Homa Bay, na waombaji ni maelfu, lazima kuwe na utaratibu unaosema fulani ametangulia, fulani amefuata, na sababu ni hii.

Wenzetu wengine wamelipitia jambo hili zamani, na naomba tuwatazame kwa makini, yao mazuri na mabaya. Huko Uholanzi, mji wa Delft, yapata mwaka 1990, waliacha mtindo wa ofisa kumchagulia mtu nyumba. Walizitangaza nyumba zilizo wazi, kila mwombaji akaonyesha anayoitaka. Uingereza waliuchukua mtindo huo miaka ya 2000. Neno wanalolitumia kwa kuonyesha nyumba unayoitaka ni lile lile la kupanda dau mnadani, na limewapotosha hata Wakenya wanaoishi huko, wakadhani mwenye fedha nyingi ndiye anayeshinda. Hakuna fedha inayotajwa. Unachopeleka ni jina lako na haja yako.

Hebu tuufanyie kazi mfano huo hapa Rongo. Tuseme nyumba moja ya vyumba viwili imetangazwa Jumatatu, na maombi yanafungwa Jumapili. Watatu wameiomba. Kijana wa bodaboda anayeishi peke yake ameomba dakika ya kwanza. Mama mwenye watoto watatu, wanaolala wote katika chumba kimoja cha mabati, ameomba Jumatano. Mzee anayetembea kwa magongo, anayekaa na mkewe na mjukuu kwenye ghorofa ya tatu isiyo na lifti, ameomba Jumapili jioni. Kwa utaratibu wa Uingereza, kuwahi kuomba hakuna uzito wowote. Kijana anaondolewa kwanza, kwa sababu nyumba ni kubwa kuliko mahitaji yake. Wanabaki wawili. Kila mmoja alishawekwa kwenye daraja siku alipojisajili, kwa kuangalia kama hana makao, kama amesongamana, kama nyumba yake inamdhuru afya, kama ana shida itakayomlazimu kuhama. Sheria yao ya Nyumba ya mwaka 1996 inataka watu wa namna hiyo wafikiriwe mbele ya wengine. Wa daraja la juu anapewa. Wakiwa daraja moja, anaangaliwa aliyekaa kwenye daraja hilo muda mrefu zaidi. Na nyumba ikishatolewa, halmashauri nyingi hutangaza: imekwenda kwa mtu wa daraja fulani, aliyesubiri tangu tarehe fulani, na maombi yalikuwa kadhaa. Jina halitajwi. Lakini aliyekosa anajua amekosa kwa umbali gani.

Utaratibu huo haujawamalizia shida. Kuna familia London zinazosubiri miaka mingi, kwa kuwa kupanga foleni vizuri hakuongezi nyumba. Baadhi ya halmashauri zimeweka masharti ya mtu kuwa ameishi hapo miaka kadhaa kabla hajakubaliwa kwenye orodha, na masharti hayo huwaumiza waliolazimika kuhama. Ninachokitamani kutoka kwao ni kile kitangazo cha mwisho tu. Kingegharimu karatasi moja kwenye ubao wa ofisi ya chifu.

Hata hapa Kenya tuna somo letu. Soweto Mashariki, Kibera, wakazi walihesabiwa kwanza. Mwaka 2009 wakahamishiwa makazi ya muda Lang'ata, na mwaka 2016 nyumba 822 zikakabidhiwa, nani akae wapi ikiamuliwa kwa kura. Kulikuwa na malalamiko na kesi njiani, na miaka ilikuwa mingi mno. Hata hivyo nalipenda jambo moja: orodha ilitangulia nyumba. Watu walijulikana kabla msingi haujachimbwa. Kwetu tumezoea ghorofa linasimama kwanza, kisha ndipo tunaanza kuulizana ni la nani.

Sasa nije kwa jambo ambalo hakuna mtu wa Nairobi wala London atakayetuamulia. Uhitaji wa Migori na Homa Bay unafananaje? Nimezunguka na swali hili na nimepata majibu ambayo siyaoni katika fomu. Kando ya Mto Kuja, kule chini Nyatike, kuna kaya ambazo mafuriko yamezitoa kwenye nyumba zao zaidi ya mara moja. Kwenye daftari wana shamba na wana nyumba. Kwa kweli wana udongo uliolowa. Kuna mjane aliyeondolewa kwenye boma la marehemu mumewe, na jina lake bado linasomeka kama la mkazi wa pale. Kuna mtu mwenye ulemavu anayeweza kumudu malipo ya mwezi, ila hawezi kupanda ngazi, kwa hiyo nafasi anayoihitaji ni ya ghorofa ya chini hasa, na akipewa ya nne amepewa kitu kisichomfaa.

Halafu kuna suala la dala, yaani boma la nyumbani. Mjaluo akiwa na umri wa kujitegemea hujenga kwao, hata kama anafanya kazi mjini. Nyumba ya mji ni ya kulala, ya dala ni ya kuzikiwa. Je, mtu mwenye nyumba ya udongo Ndhiwa, anayepanga chumba mjini Homa Bay kwa ajili ya kazi, ahesabiwe kwamba tayari ana makao? Mimi naona hapana, mradi anaishi mjini kweli na familia yake. Lakini mwenye ploti ya kupangisha mjini, mwenye milango 10 na wapangaji, huyo asimame nyuma hata kama amejiandikisha kwa jina la mwanawe. Najua watakuwapo hapa wasiokubaliana nami, na ningependa tubishane kabla ya chakula cha mchana. Sheria tayari inasema mtu mmoja nyumba moja, na kwamba haruhusiwi kuiuza bila idhini ya maandishi ya Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu. Kinachobaki ni macho ya majirani. Majirani wa Rongo, Oyugis na Isebania wanajua nani ana nini.

Tufanye nini, basi? Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaeleza namna. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyejua kuandika anaruhusiwa kusema kwa mdomo, na ofisa analazimika kumwandikia. Kuomba hakulipiwi. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Kifungu cha 47 kinaongeza kwamba ukidhurika kwa uamuzi wa ofisi ya umma una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Hizi ndizo zana, na ni wachache wanaozitumia kwa habari ya nyumba.

Nimeandaa barua fupi yenye maswali manne. Ni nyumba ngapi za kila kundi zilizotengwa kwa mradi huu? Kati ya waliotimiza masharti, kinachowatanguliza baadhi ni nini, na kwa mpangilio upi? Ni ngapi zimetengewa watu wenye ulemavu, na ziko ghorofa ipi? Nyumba zilizokwisha kutolewa zimekwenda kwa watu wa kundi lipi, waliojisajili lini? Hatuombi jina la mtu yeyote.

Nakala ziko kwenye meza iliyo karibu na mlango, na nafasi ya jina, kijiji na tarehe nimeiacha wazi. Chukueni za kutosha vikundi vyenu. Mkipeleka, ombeni ofisi iigonge muhuri nakala mnayobaki nayo, kwa sababu siku 21 zinaanza kuhesabiwa hapo. Yule mama wa omena ameshapeleka yake. Ilipokelewa Jumanne, na nakala yenye muhuri ameikunja ndani ya daftari la chama, ukurasa ule ule anaoandika shilingi 200 za kila siku.