Anwani na Sekondari: Kuilinganisha Miji Inayoizunguka Lowell, Massachusetts



Nimeombwa nijibu swali ambalo wengi wetu, wazazi tuliotoka Afrika Mashariki, tumeshaulizwa kanisani, msikitini au kwenye harusi: familia iliyoko Lowell ikitaka kuhama kwa ajili ya mtoto anayekaribia sekondari, iende Chelmsford, Westford, Dracut au Tewksbury? Mara nyingi anayeuliza ana jibu tayari kwenye simu. Amefungua programu ya kutafuta nyumba, na kando ya bei ameona namba ya shule, kuanzia 1 hadi 10. Msimamo wangu ni kwamba namba ile inatueleza zaidi kipato cha majirani kuliko kazi ya walimu, na mzazi anayeifuata peke yake anaweza kujibebesha pango zito kisha akamweka mtoto mahali pasipomfaa.

Kwa nini anwani ina nguvu hivi huku

Kule tulikotoka, mahali mzazi anapoishi na sekondari ya mtoto havijafungamana hivi. Kenya, sekondari ya Alliance iko Kikuyu na ya Mang'u iko upande wa Thika, lakini sijamsikia mtu aliyenunua ploti Kikuyu ili mwanawe apate nafasi Alliance. Mtoto aliitwa kwa alama zake, akafungiwa sanduku, akapelekwa bweni. Tanzania ni vivyo hivyo kwa Ilboru, Kibaha na Mzumbe. Kilichokaribia mfumo wa huku ni sekondari za kata, zilizoenea baada ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) wa mwaka 2004, na tunajua jinsi mzazi mwenye uwezo alivyozikimbia kuelekea shule binafsi. Wenzetu wa Kivu walichagua kati ya shule za Wakatoliki, za Waprotestanti na za Wakimbangu, kwa kuangalia ada na sifa.

Massachusetts mpaka wa mji ndio unaoamua. Nyumba mbili zinaweza kutazamana barabarani, moja iko Lowell na nyingine Chelmsford, na watoto wao wakapanda mabasi tofauti asubuhi. Shule za umma huendeshwa kwa kodi ya nyumba na ardhi ya mji wenyewe, pamoja na ruzuku ya jimbo. Tangu kura ya mwaka 1980, mji hauwezi kuongeza jumla ya kodi hiyo kwa zaidi ya asilimia 2.5 kwa mwaka, mbali na inayotokana na majengo mapya, mpaka wakazi wenyewe wapige kura kuvuka kikomo. Kwa hiyo mkisikia mji fulani unapiga kura ya kodi mwezi wa Aprili au Mei, jueni kwamba mara nyingi ajira za walimu ndizo zinazoamuliwa pale.

Msidhani kwamba Lowell, kwa kuwa ina kipato cha chini, imeachwa hivi hivi. Mwaka 1993 mahakama kuu ya jimbo ilisema kuwa kumwelimisha kila mtoto, tajiri na maskini, ni wajibu wa kikatiba wa jimbo, na mwaka huohuo sheria ya mageuzi ya elimu ikapitishwa. Sheria nyingine ya mwaka 2019 iliahidi nyongeza ya dola bilioni 1.5 kwa miaka saba, na ikaelekeza zaidi kwenye miji yenye watoto wengi wa familia maskini na wanaojifunza Kiingereza. Sehemu kubwa ya bajeti ya shule za Lowell hutoka jimboni. Westford hali ni kinyume: mzigo mkubwa uko kwa wenye nyumba.

Wenye nyumba hao wamekuwa wakilinda mpaka wao kwa njia nyingine pia. Kwa miongo mingi miji ya pembeni imeruhusu zaidi nyumba ya familia moja juu ya kiwanja kikubwa, basi apatimenti za kupanga ni chache na bei yake hupaa. Sheria ya mwaka 2021 inaitaka miji inayohudumiwa na usafiri wa umma wa Boston itenge maeneo ya nyumba za familia nyingi. Baadhi ya miji ilikaidi, mpaka Januari 2025 mahakama kuu ya jimbo iliposema wazi kuwa sheria hiyo inaibana. Nyumba zenyewe zitachukua miaka kujengwa, na mtoto wa darasa la saba hawezi kuzisubiri.

Lowell kwanza

Tunaizungumzia Lowell kama mahali pa kukimbia. Ni mji wa watu zaidi ya 115,000, uliojengwa na viwanda vya nguo kandokando ya mto Merrimack, na kila kizazi cha wahamiaji kimepita hapa: Waairishi, Wafaransa wa Kanada, Wagiriki, Wakambodia, na sasa sisi. Sekondari yake ya umma ilianza mwaka 1831 na ina wanafunzi zaidi ya elfu tatu katikati ya mji. Mwaka 2017 watu walizozana vikali kama ihamishiwe pembeni, na kura ya Novemba ikaibakiza mjini. Kilichofuata ni ukarabati na ujenzi wa zaidi ya dola milioni 300.

Ukubwa huo una faida ambayo namba haiionyeshi. Kijana aliyefika juzi kutoka kambi ya Nyarugusu au Kakuma, ambaye masomo yake yalikatika mara kwa mara, hapa anakuta kitengo kizima cha wanaojifunza Kiingereza. Akienda mji mdogo wenye watoto wachache wa namna yake, huenda akapangiwa mwalimu mmoja anayezunguka shule kadhaa. Katika sekondari ya Lowell hatakuwa wa kwanza kuulizwa jina lake linatamkwaje, na mimi silidharau hilo. Hasara za ukubwa pia zipo. Mtoto mpole, asiyesumbua wala kung'ara, anaweza kumaliza miaka minne bila mtu mzima yeyote shuleni kumjua vizuri.

Majirani

Chelmsford ina watu takriban 36,000 na sekondari ya ukubwa wa wastani. Apatimenti zipo kuliko Westford, na mabasi ya Lowell yanafika, ingawa jioni huadimika. Kwa familia ya wazazi wanaofanya kazi za shifti naiona kuwa ndiyo hatua nyepesi zaidi ya kutoka Lowell. Dracut na Tewksbury zina watu zaidi ya 30,000 kila mmoja, miji ya mafundi, madereva, polisi na wauguzi; Tewksbury ilifungua jengo jipya la sekondari mwaka 2012. Sifa zao hazivumi, na pengine ndiyo sababu bei zao bado zinavumilika kidogo.

Westford ndiyo inayotajwa kwa kunong'ona. Ni mji wa watu wasiofika 25,000, wenye wahandisi na wataalamu wengi wa kompyuta, wakiwemo wengi wenye asili ya India na China. Sekondari yake inaitwa Westford Academy, na ilianzishwa 1792 kama shule binafsi. Wazazi wetu wakisikia jina hudhani ni ya kulipia; leo ni ya umma, bure kwa mkazi. Alama zake ziko juu sana. Lakini watoto wengi pale wamelelewa na wazazi wenye shahada mbili na masomo ya ziada ya hesabu tangu utotoni. Kuisifu shule kwa alama hizo peke yake ni sawa na kumsifu mpishi kwa sababu wageni wake wanene. Huenda walifika wameshiba.

Kipo kipimo kinachojaribu kutenganisha mambo hayo mawili. Idara ya elimu ya jimbo, katika tovuti yake, huweka kwa kila shule alama ya ukuaji wa wanafunzi. Mtoto hulinganishwa na wenzake wa jimbo zima waliokuwa na alama kama zake miaka iliyopita, kisha huangaliwa amewapita wangapi. Katikati ni 50. Shule yenye wastani mkubwa wa mtihani inaweza kuwa na ukuaji wa kawaida tu, na shule inayodharauliwa ikawa juu ya 50. Ukurasa huo hauna picha nzuri kama programu za nyumba, na ndiyo maana hatuufungui.

Shule ndani ya shule

Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo familia zetu zinapopoteza zaidi, na hakuna mji unaotuokoa.

Tumezoea silabasi moja. Kidato kizima kinasoma kitabu kimoja na kukaa mtihani mmoja, mwenye bidii anapanda. Sekondari ya Marekani, darasa la tisa hadi la kumi na mbili, imegawanyika kwa ngazi: somo la kawaida, la juu, na la kiwango cha chuo kikuu ambalo mwishoni lina mtihani wa taifa. Watoto wawili wanaweza kuingia mlango mmoja asubuhi na wakahitimu kama waliosoma shule mbili.

Angalieni hesabu. Anayefanya aljebra ya kwanza darasa la nane atafanya jiometri la tisa, aljebra ya pili la kumi, matayarisho ya kalkulasi la kumi na moja, na kalkulasi yenyewe la kumi na mbili. Anayeanza aljebra darasa la tisa hukosa nafasi ya kalkulasi, isipokuwa akisoma likizoni au akichukua masomo mawili ya hesabu mwaka mmoja. Kwa hiyo mlango wa uhandisi huanza kufungwa mtoto akiwa na miaka kumi na mbili au kumi na tatu, kwa fomu inayoletwa nyumbani ndani ya begi, ikiwa na pendekezo la mwalimu na mahali pa sahihi ya mzazi. Sisi hutia sahihi. Mwalimu amesema, na mwalimu kwetu habishiwi. Mzazi wa Westford huiandikia shule barua siku hiyohiyo akiomba mwanawe apandishwe ngazi, na mara nyingi hukubaliwa. Utaratibu wa kuomba hivyo upo katika shule nyingi, Lowell ikiwemo. Aliyeishi Lowell akapigania ngazi anaweza kumpita aliyehamia Westford akakaa kimya.

Mlango wa ufundi, unaofuata mpaka wa mji

Najua baadhi yenu mtanuna. Kwetu aliyepelekwa ufundi alionekana ameshindwa darasani. Huku shule za ufundi za kanda hukataa waombaji kwa kukosa nafasi. Wanafunzi hupishana, wiki moja karakana, wiki moja darasani, na huhitimu na cheti cha sekondari kama wenzao pamoja na fani: umeme, mabomba, mitambo ya joto na baridi, upishi, uuguzi msaidizi. Wengi huenda chuo kikuu baadaye. Na kwa kuwa ni za kanda, zinawajibika kisheria kuwasafirisha wanafunzi, wakati mji wa kawaida unaruhusiwa kutoza nauli ya basi kuanzia darasa la saba.

Ambalo wengi hawalijui ni kwamba mji unaohamia ndio unaoamua ni ipi kati ya shule hizi utaiomba. Lowell, Dracut, Tyngsborough na Dunstable ni za Greater Lowell Tech. Chelmsford na Westford ni za Nashoba Valley Tech. Tewksbury na Billerica ni za Shawsheen Valley Tech. Fani hazifanani kote. Mtoto anayetaka ufundi fulani, akihamishwa maili nne, anaweza kujikuta nje ya eneo la shule inayoufundisha. Mei 2025 bodi ya elimu ya jimbo iliamua kwamba shule za ufundi zenye waombaji kuliko nafasi zitumie bahati nasibu badala ya kupanga watoto kwa alama. Mahudhurio bado yanaweza kuhesabiwa, basi siku za utoro za darasa la saba si jambo dogo.

Njia nyingine zisizohitaji kuhama nitazitaja kwa haraka. Miji mingine hupokea wanafunzi wa nje ikiwa na nafasi, kwa uamuzi wa kila mwaka. Mzazi halipi ada, ila usafiri ni juu yake. Iko pia Innovation Academy, shule ya mkataba iliyoko Tyngsborough, inayopokea kwa bahati nasibu.

Gharama isiyoandikwa kwenye pango

Mama anayefanya shifti ya usiku katika nyumba ya wazee anatoka saa moja asubuhi. Akiwa Lowell, mtoto amekwisha kutembea au kupanda basi. Akiwa Westford, mazoezi ya mpira yakiisha saa kumi na moja jioni, mtoto anahitaji gari, na gari liko kazini na baba. Ongezeni ada za michezo ambazo miji mingi hutoza. Kijana anaacha timu, kisha anaacha marafiki, na tunalaumu utamaduni wa Marekani.

Mkienda kutembelea shule, ulizeni mambo mahususi. Wanaojifunza Kiingereza wangapi hufika kwenye masomo ya ngazi ya juu? Mshauri mmoja ana wanafunzi wangapi? Kiswahili kinaweza kupimwa kwa ajili ya muhuri wa lugha mbili ambao jimbo huuweka kwenye cheti? Ombeni mkalimani, ni haki yenu, na msimfanye mtoto awatafsirie kikao kinachomhusu. Hakuna shule ya umma inayoruhusiwa kumnyima mtoto nafasi kwa hali yake ya uhamiaji. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua hivyo mwaka 1982. Familia iliyopoteza nyumba ikahamia kwa ndugu mji mwingine inaweza kumwacha mtoto katika shule yake ya awali. Ila kutumia anwani ya ndugu ilhali mnaishi kwingine ni hatari: miji hufuatilia, na mtoto hutolewa katikati ya mwaka.

Maombi ya shule za ufundi huanza msimu wa vuli, mtoto akiwa darasa la nane, na mikataba mingi ya pango huku huisha Agosti au Septemba. Mwenye mtoto wa darasa la sita au la saba ana muda wa kupanga yote mawili. Mwenye wa darasa la nane anione wakati wa chai, aje na mkataba wake tuangalie tarehe.