Rekodi ya Malkia Strikers: Je, Kikundi Kinunue Mpira wa Wasichana?

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Leo hatuzungumzi juu ya mbuzi wa maziwa wala tangi la maji. Tunazungumza juu ya voliboli. Msicheke. Tukitembelea vikundi, jambo hili hutokea mara nyingi. Kijana anapendekeza kikundi kiwanunulie wasichana mpira na wavu, halafu mzee mmoja anasimama: "Ati mpira? Hao Malkia Strikers wenyewe si hupigwa kila wakienda Olimpiki? Hebu pesa hiyo inunue mbolea."

Swali hilo si baya. Pesa ya kikundi ni jasho la watu. Basi tufungue rekodi ya timu yetu ya taifa ya wanawake kama tunavyofungua daftari la mweka hazina, tusome pande zote mbili bila kuficha.

Tuanze na upande wa hasara. Malkia wamekwenda Olimpiki mara 4: Sydney mwaka 2000, Athens 2004, Tokyo 2021 (ile michezo iliyoahirishwa kutoka 2020), na Paris 2024. Kwa safari hizo zote walicheza mechi 18, wakashindwa zote 18. Kule Tokyo na Paris hawakupata hata seti moja. Mzee yule hakusema uongo.

Sasa tugeuze ukurasa. Ubingwa wa Afrika waliutwaa 1991, 1993, 1995 na 1997. Halafu wakakaa miaka 8 bila kombe. Wakarudi 2005 na 2007, tena 2011, 2013 na 2015. Kisha Kameruni wakawafunga katika fainali 3 mfululizo: 2017, 2019 na 2021. Wengi wetu tungevunja kikundi hapo. Wao hawakuvunja. Januari 2020 walikwenda Yaounde, kwa hao hao Kameruni, wakashinda huko nafasi ya kwenda Tokyo. Mwaka 2023 wakarudi Yaounde, wakaifunga Misri katika fainali na kuleta kombe la 10 nyumbani.

Hata katika mashindano ya dunia kuna dalili. Mwaka 2018 kule Japani waliifunga Kazakhstan seti 3 kwa 0. Mwaka 2022 kule Uholanzi waliifunga Kameruni 3 kwa 0. Mwaka 2025 kule Thailandi waliifunga Vietnamu 3 kwa 0. Ni ushindi mmoja mmoja, lakini mwenye kuweka akiba anajua kidogo kidogo ni kitu gani.

Ndugu zetu, kwa nini timu ile ile iwe malkia Afrika na ishindwe Olimpiki? Si kwa sababu wasichana wetu ni waoga. Wenzao wa Brazili, Polandi na Japani hucheza na timu ngumu msimu mzima. Mpira unaopigwa kwa nguvu haupokelewi kwa bidii ya siku moja. Mikono inauzoea kwa kuupokea mara elfu. Anayekutana na mpira wa namna hiyo mara chache tu, hata akiwa hodari, atachelewa. Basi dawa ya kushindwa huko ni mazoezi zaidi na mechi ngumu zaidi, na kuanza mapema. Kuanza mapema kunatuleta hapa kijijini. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Kuna faida nyingine ambayo haiandikwi kwenye kombe. Timu kubwa za wanawake nchini zimelelewa na waajiri: Benki ya KCB, Magereza, Kenya Pipeline. Msichana aliyejua mpira amepata mshahara, akasomesha wadogo zake. Tena ujuzi haupotei. Janet Wanja alicheza Athens 2004. Miaka 20 baadaye alikuwa Paris na timu, akiwasimamia mazoezi ya viungo. Alifariki Desemba 2024, lakini alichowafundisha wadogo zake kimebaki nao.

Je, gharama ni kiasi gani? Uwanja ni mita 18 kwa 9, mdogo kuliko shamba la sukumawiki la kikundi. Wavu wa wanawake unafungwa urefu wa mita 2.24, wasichana wadogo mnaweza kuwashushia. Nguzo mbili za miti zinatosha. Kila upande wachezaji 6. Kitu cha kununua hasa ni mpira na wavu, na hata wavu vijana wenyewe wanaweza kuusuka kwa kamba.

Lakini tusiwadanganye watoto. Wengi wao hawatafika Yaounde wala Paris. Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, msichana asiache shule kwa ajili ya mpira; ajira ile nayo inataka cheti. Pili, kazi za nyumbani zigawanywe na ndugu zake wa kiume. Saa kumi jioni mvulana yuko uwanjani na dada yake yuko kisimani. Hapo ndipo vipaji vingi vinapozikwa. Tatu, kikundi kiteue mama mmoja au wawili wa kuwepo kila siku ya mazoezi, na anayefundisha ajulikane na wazazi. Msichana asibaki peke yake na mtu yeyote gizani.

Mbolea ni lazima, hatubishani. Lakini mbolea tunainunua kila msimu, hata baada ya msimu mbaya, kwa sababu tunajua shamba halihukumiwi kwa mavuno ya mara moja. Binti zetu nao wanastahili hesabu ya namna hiyo hiyo.

Mkirudi kwenye vikundi, jadilianeni haya:

1. Wasichana wangapi hapa kwetu waliacha kucheza walipomaliza shule ya msingi, na kwa nini?
2. Nani kati yetu ana kiwanja cha kuazima kwa mwaka mmoja?
3. Daftari la kikundi chetu linaonyesha hasara gani ambayo ilitufundisha, na ipi iliyotuvunja moyo tu?

Andikeni majibu, mje nayo mkutano ujao.