Kutoka Kooni hadi Moyoni: Utafiti wa Ugonjwa wa Moyo wa Baridi Yabisi

Ugonjwa wa moyo wa baridi yabisi huanzia kooni. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 hushikwa na mafindofindo yaliyoletwa na bakteria aina ya streptokoka wa kundi A, humeza mate kwa taabu siku chache, kisha hupona na kurudi uwanjani. Baada ya wiki mbili au tatu homa ya baridi yabisi humpanda, magoti na vifundo vya miguu huvimba kimoja baada ya kingine. Hiki kikipoa, kile huanza. Nyumbani husemwa ameteguka mchezoni. Maumivu yakitulia, jambo husahaulika, na kweli viungo hupona kabisa. Vali za moyo hazina bahati hiyo.

Bakteria mwenyewe haingii moyoni. Ganda lake lina protini iitwayo M, ambayo baadhi ya sehemu zake zinafanana na protini za moyo, hasa mayosini. Kingamwili zilizotengenezwa kupambana na adui wa kooni huishia kuushambulia mwili wenyewe. Vali ya mitrali, iliyo kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto, ndiyo huumia zaidi. Kila homa inaporudi huacha kovu jipya: ndimi za vali hunenepa na kugandana, hata mlango mpana hubaki tundu kama la kifungo cha shati, au hushindwa kufunga na damu ikarudi ilikotoka. Wanawake wengi hugundulika wakiwa wajawazito, damu inapoongezeka mwilini na tundu lile likashindwa kuipitisha; ndipo pumzi hukatika hata kwa kufagia uwanja.

Mwaka 1950 madaktari wa jeshi la Marekani waliokuwa Fort Warren, Wyoming, walionyesha kwamba askari wenye maambukizi hayo ya koo wakipewa penisilini, homa ya baridi yabisi huwapata kwa nadra. Sifa zote zisiende kwa dawa, hata hivyo. Katika nchi tajiri ugonjwa ulikwisha kuanza kupungua kabla ya penisilini, pale watu walipoacha kulala wengi katika chumba kimoja.

Swali gumu ni namna ya kumpata mtoto ambaye vali yake imeanza kuharibika na hana dalili. Utafiti uliofanyika Msumbiji na Kambodia, uliochapishwa mwaka 2007, ulibaini kwamba kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, huwanasa wagonjwa takriban mara kumi zaidi ya sikio la daktari na stethoskopu. Lakini wakishapatikana, je, kuwatibu kunafaa? Jibu lilitoka kaskazini mwa Uganda mwaka 2021. Baada ya kupima watoto zaidi ya 100,000, watafiti waliwagawa kwa kura watoto 818 ambao vali zao zilikuwa zimeanza kuharibika bila dalili: nusu walichomwa benzathini penisilini kila wiki 4, nusu hawakuchomwa. Miaka miwili baadaye ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa, na asilimia 8.2 ya wengine. Tofauti ni kubwa, ingawa inaonyesha pia kwamba watoto wengi wasingeharibikiwa zaidi hata bila sindano. Na sindano yenyewe si ya mzaha: dawa ni nzito kama uji, huziba sindano nyembamba, na paja au tako huuma hata kesho yake. Mama anayembembeleza mtoto aende kliniki kila mwezi kwa miaka anastahili kuhesabiwa katika tiba.

Vali ikishaharibika kabisa, hutanuliwa kwa puto lipitishwalo mshipani, au hubadilishwa kwa upasuaji, kazi inayofanyika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Mwenye vali ya chuma hutumia wafarini maisha yote ili damu isigande. Dawa hiyo kongwe inasumbua, kwa kuwa humlazimu mgonjwa kupima damu mara kwa mara, lakini mwaka 2022 utafiti wa wagonjwa zaidi ya 4,500 wenye ugonjwa huu na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio uliilinganisha dawa mpya, rivaroksabani, na wafarini na jamii yake, na waliotumia hizi za zamani walikufa wachache zaidi. Kwa hiyo kupima damu kunabaki palepale, na mgonjwa huambiwa mchicha, kisamvu na matembele asiviache, ila ale kwa kiasi kilekile kila wiki, kwa kuwa vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa.