Maji ya Chini ya Ardhi ni Amana ya Wananchi



Tumeombwa kuzungumza juu ya ugomvi wa mkulima wa Loitokitok na mkazi wa mjini kuhusu maji ya Nolturesh. Hatukuja kuwachagulia upande. Tumekuja kuuliza ni nani aliyekabidhiwa maji hayo, na anawajibika kwa nani.

Mvua inyeshayo katika misitu ya Mlima Kilimanjaro hupenya ardhini, ikapita katika nyufa za mawe ya volkano, kisha ikachomoza upande wa Kenya kama chemchemi. Nolturesh ni mojawapo. Maji ya mlima huo huo hulisha vinamasi vya Amboseli na Kimana, hunywesha ng'ombe wa wafugaji, na hukuza nyanya na vitunguu. Kutoka Nolturesh lililazwa bomba kwenda kaskazini, kupitia nyika kavu, hadi miji ya Kajiado, Machakos na Athi River.

Hapo ndipo pana kisa. Mkulima huliona bomba likipita kando ya shamba linalonyauka. Mama wa mjini naye hufungua mfereji, akasikia upepo tu. Huyu humwita yule mwizi wa maji. Yule humwita huyu mwizi wa chemchemi. Wote wawili wana hoja. Shamba ndilo karo ya watoto, na nyanya zake huliwa mjini. Lakini mji nao una wagonjwa na watoto wa shule, na hauwezi kuhamia mlimani.

Sheria yasemaje? Sheria ya zamani, Sura ya 372, iliyaweka maji yote, ya juu na ya chini ya ardhi, mikononi mwa Serikali. Mwananchi akawa mwombaji. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 43, ilimpa kila mtu haki ya maji safi, salama na ya kutosha. Sheria ya Maji ya 2016 ikaongeza kwamba Serikali ya taifa huyashika maji kwa niaba ya wananchi, kama amana, na kwamba matumizi ya nyumbani hutangulia matumizi mengine yote.

Tuielewe vyema kanuni hiyo. Nyumba ya mfugaji aliye karibu na chemchemi ni nyumba vilevile. Kinachotangulia ni kunywa, kupika na kuoga. Si maji yanayovuja njiani, wala bustani za matajiri wa mjini.

Tena, maji ya chini ya ardhi hayafanani na mto. Mto ukipungua, kila mtu huona. Kisima kirefu kikivuta kupita kiasi, jirani hujua siku chemchemi yake inapolegea, na hapo tumekwisha kuchelewa. Ndiyo maana siri ni hatari kuliko ukame.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, vibali vyote vya kuchota maji vitangazwe hadharani, pamoja na kiasi kilichoruhusiwa. Kifungu cha 35 chatupa haki ya kujua. Pili, mita ziwekwe kwenye chemchemi, kwenye mashamba makubwa na mwisho wa bomba, ili ijulikane maji yanapotelea wapi. Tatu, vyama vya watumiaji wa maji viwaketishe pamoja wa juu na wa chini kabla ya kibali kipya kutolewa. Asiyekuwepo na lake halipo. Wakishindwa kuelewana, waende mbele ya baraza la sheria la kuamua kesi za maji, wala wasimwendee mwanasiasa jukwaani.

Twalisema hili kwa uchungu. Katika miaka ya 1990 tuliona ugomvi wa ardhi ukigeuzwa vita vya makabila. Januari 2005, kule Mai Mahiu, ugomvi juu ya maji ya mto yaliyoelekezwa mashambani uliua watu. Atakayewaambia kwamba Nolturesh ni vita vya kabila na kabila, mwulizeni kwanza yeye ana kibali cha lita ngapi.

Ndugu wananchi, mwenye amana huulizwa hesabu. Na tuulize, kwa sauti moja, wa mlimani na wa mjini.