Hakimiliki si Alama ya Biashara



Mwishoni mwa mwaka 2018 Waswahili wengi, waliomo nyumbani na walio ughaibuni, walighadhibika. Habari zilienea kwamba kampuni ya Disney ya Marekani imejimilikisha maneno "hakuna matata", na watu zaidi ya 100,000 wakatia saini zao kulipinga jambo hilo. Wapo walioamini kwamba siku si nyingi mtu atadaiwa fidia kwa kumliwaza jirani yake katika lugha ya mama yake. Ghadhabu hiyo ilikuwa na msingi, kwani lugha ni urithi wa wote. Lakini wengi hawakujua hasa ni kitu gani kilichochukuliwa.

Kilichosajiliwa Marekani mwaka 2003, kwa maombi yaliyopelekwa mwaka 1994 ilipotoka filamu ya The Lion King, kilikuwa alama ya biashara. Hiyo ni ishara, jina au mchoro unaomjulisha mnunuzi kwamba bidhaa fulani imetoka kwa mfanyabiashara fulani, wala si mwingine. Haimpi mtu umiliki wa neno. Humpa haki ya kuwazuia washindani wasilitumie kama chapa ya bidhaa za aina iliyosajiliwa, tena katika nchi iliyosajili. Usajili huo ulihusu fulana. Mama ntilie wa Kariakoo aliyeyaandika maneno hayo juu ya kibanda chake hakuguswa. Kundi la Them Mushrooms la Kenya lilikwisha kuyaimba katika "Jambo Bwana" mwaka 1982, nalo halikunyang'anywa wimbo wake. Aliyeweza kupata taabu ni mchapa fulana aliyetaka kuziuza Marekani kwa chapa hiyo, na huyo kwa hakika alistahili kutetewa.

Wengine waliliita jambo lile hataza. Hataza ni haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi mpya, mathalani mashine au dawa. Hudumu kwa kawaida miaka 20, kisha uvumbuzi huwa wa umma. Maneno hayapewi hataza.

Katika filamu ile ile, hata hivyo, kulikuwa na madai mazito zaidi, ambayo hayakupigiwa kelele kiasi hicho. Mwaka 1939, mjini Johannesburg, Mzulu mmoja aitwaye Solomon Linda alirekodi pamoja na kundi lake wimbo wa "Mbube", yaani simba. Hapo ndipo inapoingia hakimiliki, ambayo ni haki ya mtunzi juu ya kazi yake: wimbo, shairi, kitabu au picha. Chini ya Mkataba wa Berne haki hiyo haingoji kusajiliwa popote. Nayo hailindi wazo, bali hulinda namna wazo lilivyotolewa. Kila mtu ana ruhusa ya kumtungia simba wimbo. Mpangilio ule wa sauti ulikuwa wa Linda.

Basi Linda alikuwa na mali. Akaihaulisha kwa kampuni ya santuri kwa shilingi 10. Wimbo ukavuka bahari, ukabadilishwa maneno, na mwaka 1961 ukavuma Marekani kwa jina la "The Lion Sleeps Tonight". Mwaka uliofuata Linda alifariki akiwa fukara.

Yafaa ieleweke kwamba kuhaulisha ni kuuza moja kwa moja, ambapo leseni ni ruhusa ya kutumia kwa muda na masharti, umiliki ukibaki kwa mtunzi. Shilingi 10 za leseni zisingekuwa msiba, kwani mirabaha ingeweza kuendelea kumfikia yeye na wanawe.

Kilichowaokoa warithi, ajabu ni kwamba, kilikuwa sheria ya kikoloni. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotumika pia Afrika Kusini, ilisema kwamba haki aliyoihaulisha mtunzi hurudi kwa warithi wake miaka 25 baada ya kifo chake. Kwa Linda mwaka huo ulikuwa 1987. Mwaka 2004 msimamizi wa mirathi aliishitaki Disney huko Afrika Kusini, na Februari 2006 yakafikiwa mapatano: warithi walipwe kwa matumizi yaliyopita na yajayo, na Linda atambuliwe kuwa mtunzi mwenza. Binti zake walikuwa wamengoja zaidi ya miaka 40.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iliweka ulinzi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Lakini muda huo hauna faida kwa aliyekwisha kuuza yote studioni siku ya kwanza. Kabla ya kushika kalamu, mwanamuziki hana budi kudai mkataba usomwe kwa Kiswahili, na aulize: hii ni kuhaulisha au ni leseni, ni ya miaka mingapi, na ni ya nchi zipi?