KUMTAFUTA MWENZI WA MCHEZO KWA SIMU

(Mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Mtu anayetaka kucheza bao jioni huenda barazani, husalimu, huketi na kungoja zamu yake. Baraza humwonyesha mara moja nani yupo, nani ana nafasi, nani ni fundi na nani bado anajifunza. Siku hizi limetokea pendekezo, hasa kwa vijana, kwamba kazi hiyo ifanywe na programu ya simu: mwanachama abonyeze, naye apatiwe mwenzi wa bao, drafti au kandanda. Pendekezo hilo si la kudharauliwa. Hata hivyo, haifai fedha ya chama itolewe kabla kazi yenyewe haijaeleweka.

Mfano unaostahili kutazamwa na wanaushirika ni Lichess, iliyoanzishwa mwaka 2010 na Thibault Duplessis, fundi wa programu wa Ufaransa, kwa ajili ya mchezo wa sataranji. Inaendeshwa na jumuiya isiyogawana faida, chini ya sheria ya vyama ya Ufaransa ya mwaka 1901. Gharama zake hulipwa kwa michango ya hiari, haina matangazo ya biashara, na maandishi ya programu yake yako wazi kwa yeyote anayetaka kuyasoma na kuyatumia. Si chama cha ushirika, kwa maana wachezaji hawana hisa. Lakini hakuna tajiri anayevuna jasho lao. Mgeni hatakiwi kutaja jina wala namba ya simu. Huchagua muda wa mchezo, kwa mfano dakika 10 kila upande, kisha hukutanishwa na aliyechagua vivyo hivyo. Watungaji wa fomu za maofisini wangejifunza kitu hapo.

Kupima uwezo ni jambo lililokwisha tafutiwa njia. Mwaka 1970 Shirikisho la Sataranji la Dunia lilikubali kipimo cha Arpad Elo, profesa wa fizikia mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha Milwaukee, Marekani. Anayeshinda huongezewa alama, anayeshindwa hupunguziwa, na anayemshinda fundi huongezewa nyingi kuliko anayemshinda mwanafunzi. Alama zikitofautiana kwa 200, mwenye nguvu hutazamiwa kupata kiasi cha robo tatu ya pointi. Lichess hutumia kipimo cha baadaye kilichobuniwa na Mark Glickman, ambacho huhesabu pia kiasi cha shaka: mgeni huanza na 1500, na alama ya kuuliza hukaa baada ya tarakimu hiyo mpaka uwezo wake ujulikane. Pamoja na hayo yote, mchezaji anaweza kuchagua mchezo wa kirafiki usiohesabiwa kabisa. Hilo ndilo la kuigwa kwanza. Mzee aliyetoka shambani hatafuti kupimwa; anatafuta mtu wa kucheka naye.

Taabu kubwa iko kwingine, nayo huonekana kwa hesabu ndogo. Chama kina watu 120 walioandikisha simu zao. Kila mmoja apenda kucheza nusu saa kwa siku, wakati wowote kati ya saa 10 jioni na saa 4 usiku. Katika saa hizo 6 mna vipindi 12 vya nusu saa. Basi kila kipindi huwa na watu 10 kwa wastani. Hesabu inapendeza. Sasa mbunifu, kwa nia njema, anaweka michezo mitatu: kila mchezo hubakiwa na watu watatu na kitu. Wanachama wanaishi vijiji vinne: kila fungu hubakiwa na pungufu ya mtu mmoja. Mtambo haukuharibika, wala hakuna aliyejitoa. Watu wamegawanywa mno, na mtu mmoja hachezi bao. Lichess haipatwi na taabu hii kwa kuwa wachezaji wake wametapakaa duniani na hakuna anayelazimika kutoka nyumbani. Anayetaka bao la mti lenye kete 64 huhitaji mwenzi aliye umbali wa kutembea.

Kwa hiyo mbunifu mwenye busara huanza kwa kupunguza. Mchezo mmoja, mahali pamoja, saa moja: bao, ukumbi wa chama, Jumamosi saa 11 jioni. Ikiwa robo tu ya wale 120 hupenda bao, na nusu yao wakaja, ni watu 15: mbao saba na mtazamaji mmoja wa kuwasahihisha wote. Simu hapo ina swali moja tu, “Utakuja?”, na huonyesha idadi ya waliokwisha kubali, ili mtu asifunge safari ya bure. Swali hilo hupita hata kwa ujumbe mfupi katika simu ndogo. Aliyepatwa na dharura apewe njia nyepesi ya kujitoa mapema, bila kutozwa faini wala kusemwa.

Programu isionyeshe mwanachama anakaa wapi. Wako watu, wanawake hasa, wasiopenda kuitwa nyumbani kwa mgeni, nao wana haki. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa za watu tangu mwaka 2019, na Tanzania ilitunga yake mwaka 2022. Namba za simu zilizokusanywa kwa ajili ya mchezo zisiuzwe kwa wachuuzi. Fedha za kushindania zisiwekwe kabisa.

Kabla ya kumlipa fundi yeyote, daftari na simu ya Katibu vinatosha kwa majaribio ya majuma sita. Aandike nani aliitwa, nani alikubali, nani alifika, na nani alirudi nyumbani bila kucheza. Kamati ianze kusoma safu hiyo ya mwisho.